Onja Kwanza, Ndipo Usifu

Hotuba mbele ya wahitimu wa useremala na ujenzi, wazazi wao na mafundi waliowapokea karakanani, Mombasa

Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, mafundi mlioziacha kazi zenu leo mkaja, wazazi, na nyinyi vijana mliovaa suti ambazo nyingine, naona kutoka hapa, bado zina uzi wa fundi begani: assalamu alaykum. Bwana asifiwe. Na ambaye hayumo huku wala kule, hujambo.

Nimeitwa niwape vijana nasaha. Nasaha wameshapewa. Tangu saa tatu asubuhi wameambiwa wafike kazini mapema, wasiibe misumari ya mteja, wakae mbali na unga wa kulevya, wawakumbuke wazazi wao. Nikiongeza langu litamwagika tu. Kwa hiyo, kwa ruhusa yako mwenyekiti, nitawageuzia mgongo kidogo wahitimu niseme na hawa waliokaa mstari wa mbele: mafundi wakuu na wazazi. Vijana, sikilizeni kwa pembeni. Viti hivi mtavikalia nyinyi siku moja.

Nataka kusema juu ya sifa. Kumwambia mtu, yuko hai, yuko mbele yako, kwamba alichokifanya umekiona na ni kizuri.

Ingieni karakana yoyote pale Majengo au Changamwe, mkae kwenye benchi mtazame. Kijana amemaliza fremu ya dirisha. Ameiegemeza ukutani, anajifanya anafagia maranda, lakini jicho liko kwa fundi. Fundi anakuja. Anaiinua fremu, anafumba jicho moja aone kama imepinda. Anapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kiungo, pole pole, pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ukucha haukwami. Anaweka skwea, kile kipimo cha pembe, mwanga haupiti. Anaishusha fremu chini na kusema, "Lete ile nyingine."

Basi. Imekwisha. Mnacheka, mafundi, kwa sababu mnajijua. Ukimwuliza fundi wa hivyo atakwambia, "Mimi nikinyamaza ajue amepata. Akikosea atanisikia." Na kweli atamsikia, na jirani wa nyumba ya tatu pia atamsikia.

Kulikuwa na fundi mmoja, simtaji, alipokea kijana kutoka darasani kwangu. Kijana mpole, hana maneno mengi, lakini alikuwa na mkono. Akakaa kwa fundi yule, akafanya kazi, halafu akaacha. Hakugombana na mtu. Jumatatu moja hakuja, na kabla wiki haijaisha akaonekana stejini, amekaa juu ya bodaboda ya watu, anangoja abiria. Nilipokutana na fundi nikamwuliza, "Yule kijana vipi?" Akashusha pumzi. "Mwalimu, mkono kama ule sijapata tena. Mvule ukiwa na nyuzi zilizogeuka, yeye alikuwa anajua randa aigeuze wapi bila kuambiwa." Nikamwuliza, "Ulimwambia hivyo?" Akanitazama kama nimemtukania mama yake. "Nimwambie nini? Kwani mwenyewe hakuwa anaona?"

Hakuwa anaona. Angeona vipi? Wewe fundi umeshika madirisha maelfu. Umeona yaliyopinda, yaliyooza, yaliyoungwa kwa misumari mpaka mbao ikapasuka. Ukiona kizuri unakijua kwa sababu una vingi vya kukilinganisha navyo. Kijana wa miaka 19 ana madirisha matatu maishani mwake, na yote matatu ameyatengeneza kwa woga. Akipata, hajui kama amepata au amebahatisha. Kosa lina namna yake ya kujitangaza: droo inakwama, mlango unaburura sakafu, mteja anapiga simu saa mbili usiku. Kilicho sawa hakisemi kitu. Mlango mzuri unafungwa, watu wanalala, na hakuna anayekumbuka kuwa ulikuwa na fundi. Kwa hiyo kijana anayesikia makosa yake peke yake anajua lipi asilirudie, lakini hajui lipi alishikilie. Hiyo ni nusu ya ufundi. Nusu ya pili mnakufa nayo vifuani.

Sasa najua jibu mtakalonipa. Nimeliona kwenye uso wa mzee mmoja pale, tangu nilipotaja neno sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sivyo, mzee wangu? Methali hii imewanyamazisha watu wengi pwani hii kuliko polisi.

Hebu tuiangalie vizuri. Na msinitazame hivyo, mimi si mnywaji. Methali haitaki leseni. Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, anakata kidogo, anakinga. Kazi ya hatari, na tembo lenyewe halingoji: likikaa linageuka. Sasa wanakuja watu wanakaa chini ya mwembe, na kabla kibuyu hakijashuka wameshaanza. "Mgema wetu bingwa! Mgema wetu hana mpinzani!" Wanamsifu mgema. Tembo hawajalitia mdomoni. Na yeye si mjinga, anajifunza upesi kwamba watu hawa wanasifu chochote. Ya nini basi kujisumbua? Analitia maji.

Mlete mnywaji mmoja anayeonja. Anakunywa funda moja, ananyamaza kidogo, anasema, "Hili ni la asubuhi, na ni la ule mnazi wa karibu na kisima. Leo umeliwahi." Nawauliza, mgema atamtilia huyo maji? Hathubutu. Amejua kwamba pana ulimi unaojua tofauti. Mimi naiona methali hii ikiwaonya wanywaji zaidi ya mgema: wanaosifu hawajaonja, na kwa kusifu bila kuonja ndio walioliharibu tembo la mtaa mzima.

Kwa hiyo dawa ya sifa mbovu si kufunga midomo. Dawa yake ni kuonja kwanza.

Pana kizuizi cha pili, na hiki wazazi wa hapa mnakielewa kuliko mimi. Kijicho. Mtoto akisifiwa sana mbele za watu, bibi anasogea, anamfuta uso, ananong'ona chake. Sina haja ya kubishana na bibi za watu. Ninachosema ni kwamba wazee wetu walishatupa njia: sema mashaallah, halafu sema lako. Mashaallah haikuwekwa iwe kufuli ya mdomo. Imewekwa ili mdomo ufunguke kwa salama. Wengi wetu tunasema mashaallah tunakomea hapo hapo, mtoto hajui hata ni kitu gani kilichomfurahisha mtu.

Na linalonishangaza ni kwamba huu si mji wa mabubu. Huu ni mji wa maneno. Nendeni Biashara Street, kwa Kaderdina Hajee Essak, duka la "Mali ya Abdulla" lililoanza mwaka 1887, muwatazame wanawake wakichagua leso, yaani kanga. Rangi wanaitazama mara moja. Jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, wanalisoma mara tatu. Mtu ananunua leso, anapita nayo mbele ya mlango wa jirani, hajafungua mdomo, na jirani hatalala. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, yaani Mombasa hii, zama za utawala wa Mazrui, alikuwa akirusha beti kutoka hapa mpaka Unguja na zikafika zikauma. Kwa vijembe hatushindwi. Ukitaka kumwumbua mtu Mombasa utapata wasaidizi na watakulinganishia na vina. Ukitaka kumwambia mtu kwamba kazi yake ni njema, ulimi unakuwa mzito kama umepakwa gundi.

Nimemtaja Muyaka, basi niwataje na mwengine ambaye hatajwi sana. Beti zile zilikuwa midomoni mwa watu, na midomo hufa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa mji huu, alikaa na waliokuwa bado wanakumbuka, akazikusanya, zikamfikia mmishonari Taylor, na ndiyo maana sisi leo tunazo. Kwangu mimi hiyo ni sifa ya daraja la juu kabisa: mtu kuketi chini akasikiliza kazi ya mwenzake ubeti kwa ubeti mpaka aishike. Anayesema "Muyaka bingwa" bila kujua hata mstari mmoja hajamsifu Muyaka. Amejisifu yeye kwamba anajua jina.

Waislamu wenzangu mnaikumbuka hadithi ya yule mtu aliyekuwa ameketi na Mtume, rehema na amani zimshukie, akapita mtu mwengine. Akasema, "Mimi nampenda huyu." Mtume akamwuliza, "Umemjulisha?" Akasema, la. Akaambiwa, "Mjulishe." Akainuka, akamfuata akamwambia. Swali lile lile nililomwuliza yule fundi aliyempoteza kijana. Na hadithi nyingine ipo pia, ya aliyemsifu mwenzake kupita kiasi akaambiwa, "Umemkata shingo mwenzako." Masheikhe wetu wanaikumbuka hii ya pili zaidi. Lakini hata katika hii ya pili hakufundishwa kunyamaza. Amefundishwa kwamba akiwa hana budi kusifu, aseme anavyomdhania mtu kwa anayoyajua, na hesabu amwachie Mungu. Kwa Wakristo, Paulo aliwaandikia Wathesalonike wafarijiane na kujengana kila mtu na mwenzake. Watu wa ujenzi, hilo lenu.

Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha kazi yao juu ya watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo, wakayaweza. Baadhi wakaambiwa, "Una akili sana wewe." Wengine wakaambiwa, "Umejitahidi sana." Baadaye wakapewa kuchagua kazi. Walioambiwa wana akili walichagua zaidi ile isiyowatia hatarini ya kuonekana wameshindwa. Walioambiwa wamejitahidi, wengi wao walitaka ngumu. Yalipokuja mafumbo magumu wakashindwa wote, wale wa "una akili" walichoka mapema, na walipotakiwa kuwaandikia watoto wengine alama walizopata, waliodanganya miongoni mwao walikuwa wengi zaidi. Wazazi, hawa ni watoto waliosifiwa! Walisifiwa kwa kitu ambacho hawakukifanya. Mtoto hakujipa akili. Kukesha na fumbo ndiyo kazi yake yeye, na hapo ndipo angependa umwone.

Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu, ile kalamu nyekundu ya "Vizuri!" tuiweke chini kidogo. Daftari arobaini, "Vizuri!" arobaini, na wino umekauka kabla mwalimu hajafika kati ya ukurasa. Mtoto anajua. Mtoto analinganisha daftari lake na la jirani, anaona mchoro wake aliouhangaikia una "Vizuri!" sawasawa na ule uliochorwa ndani ya matatu. Mwandikie, "Vipimo vyako vya upande huu vimetimia, na umekumbuka unene wa msumeno." Maneno yale yanakula dakika moja. Atalitunza daftari mpaka lioze.

Sifa za uongo tunazo kwa wingi, hizo hazijapungua hata wakati wa ukame. Ukipita Markiti wewe ni tajiri, ni bosi, ni mheshimiwa, mpaka ufike mwisho wa kibaraza hujanunua kitu, hapo unashushwa cheo. Msimu wa kampeni sisemi. Kwenye kundi la simu la familia mtu akiweka picha ya jengo alilolisimamia, vinamiminika vidole gumba na maua, na kati ya walioweka maua hakuna mmoja aliyeikuza picha kuona pembe. Na ipo ile ya nyumbani, ya kutuma: "Mwanangu hodari, mwanangu mwenye mbio kuliko wote, hebu nikimbilie dukani." Watoto wa Mombasa wakiitwa hodari wanatafuta viatu.

Watu hawajui ni kiasi gani neno la kweli linafika. Watafiti wengine wawili wa huko Marekani, Amit Kumar na Nicholas Epley, waliwaomba watu waandike barua za shukrani kwa waliowatendea wema. Matokeo waliyachapisha mwaka 2018. Waandishi walidhani mpokeaji ataona haya na atafurahi kiasi tu. Wapokeaji walipoulizwa, walikuwa wamefurahi kuliko walivyodhaniwa, na haya ile iliyoogopwa ilikuwa ndogo. Sisi wenyewe ndio tunaojitisha mlangoni.

Pale karibu na kwangu kuna mama anauza mahamri na mbaazi alfajiri. Foleni ndefu, watu wana haraka ya feri, hakuna anayesema ila "ya hamsini" na "ongeza mchuzi". Siku moja mzee mmoja wa makamo, wa kila siku, aliuma hamri pale pale penye foleni, akatafuna, akasema, "Mama Fulani, iliki ya leo umeitwanga mwenyewe. Ile ya juzi ilikuwa ya pakiti." Mama akaacha kuchota. Akamtazama. "Kumbe pana mtu anajua!" Foleni nzima ikacheka. Tangu siku hiyo mzee yule anapata mahamri yake yamefungwa pembeni, na mimi na wengine tunakula iliki ya kutwanga kwa baraka zake. Angalieni: alisema kweli mbili. Ya leo nzuri, ya juzi hapana. Angesema "mama mahamri yako ni matamu kila siku", mama angejibu "ahsante baba" na kuendelea kuchota.

Hilo linanifikisha kwa vijana ambao leo hawatapanda jukwaani. Wapo hapa, wamekaa nyuma, mtihani wa gredi haukuwakubali, watarudia. Wazazi wao wamekuja na mavazi ya sherehe hivyo hivyo, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Mtamwambia nini mtoto wa namna hii? Mkimwambia "usijali, wewe ni bora kuliko wote" atawasikia mnadanganya, na kuanzia hapo hata ya kweli hataamini. Mkimnyamazia, atayajaza mwenyewe yale msiyoyasema. Mmoja wao nilikuwa karibu naye siku ya mtihani. Kiungo chake cha kushoto kilikuwa kimekaa sawa kabisa, safi, cha kutiwa kwenye mlango wa Mji wa Kale. Cha kulia alikiharakisha kwa sababu aliangalia saa. Nilimwambia yote mawili kwa mpangilio huo huo, na nikamwambia kwamba mkono uliofanya cha kushoto ni wake. Hakutabasamu, wala sikumngojea atabasamu. Aliuliza kama anaweza kuja Jumamosi kutumia benchi.

Neno dogo kwenu mnaosifiwa, maana na nyinyi mna ugonjwa wenu. Mpwani akisifiwa anakimbia. "Aa, kitu gani hiki bwana! Kibovu tu hiki, nimekipiga piga." Umekipiga piga? Umekesha nacho siku tatu, mama yako amekuletea chai ya usiku karakanani! Mtu amejitahidi kuona, wewe unamfanya aonekane hajui kuona. Sema shukrani, na kama una la kuongeza, sema lililokushinda: "Ahsante fundi, pembe hii ilinisumbua." Mazungumzo yatatoka hapo, na mazungumzo ya mafundi wawili juu ya pembe moja ni darasa kuliko mengi niliyofundisha mimi.

Mafundi, najua wengine mnajiambia, mimi sina maneno hayo, sikulelewa nayo. Sawa. Basi msitafute maneno. Ulizeni swali. "Hapa uliweka timazi mara ngapi?" "Randa uliinoa saa ngapi?" Kijana akiulizwa hivyo na mtu mzima anayejua, ameshajua kwamba ameonekana. Mengine atayamalizia mwenyewe. Na ukimaliza, usitie "lakini". Kosa lina siku yake, lipeleke kesho.

Na wale wasioshika patasi, msiwasahau. Mzee anayelinda geti hapa anajua kila mwanafunzi anakaa wapi na anakuja kwa usafiri gani. Mara ngapi ameweka simu ya mtu aliyeisahau? Dada anayepika chai ya walimu anajua nani anakunywa bila sukari, na hajakosea. Sisemi muwatungie shairi.

Nimemaliza, mwenyekiti, ila nina ombi moja kabla watu hawajatoka. Kazi za vijana zimepangwa kwenye banda la nyuma, milango na madirisha mkono wa kushoto, kuta za majaribio za wajenzi upande wa pili. Kila kazi ina kikaratasi chenye jina. Mafundi, ingieni nyinyi kwanza, na skwea zenu, pima maji zenu, kucha zenu. Chagueni kazi moja moja, muishike mpaka muijue, halafu mtoke mumtafute mwenye jina. Wazazi tuwape nafasi, tusiwasukume mlangoni. Zile za waliorudi nyuma ziko kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha, penye mwanga mzuri. Ahsanteni kwa kunisikiliza.